Besi Haipiti Kwenye Redio ya Bi Mwanakombo

Talha Mwinyikondo ni fundi makochi wa Mtoni, na kama umewahi kukalia kochi likakupokea vizuri bila kukuchoma na msumari, huenda ni lake. Lakini ukimwuliza kazi yake hatakwambia makochi. Atanyoosha mgongo, atakohoa kidogo, atasema: "Mie mwanamuziki. Napiga besi." Kisha atasubiri umwulize swali la pili. Watu wengi hawaulizi.

Miaka ishirini na mbili sasa anapiga gitaa la besi katika bendi ya Nyota ya Mtoni, wale wanaojiita wana Kamua Ndimu. Kila Jumamosi bendi inapiga Kinondoni, kwenye baa moja yenye uwanja mkubwa, na kila Jumamosi Talha anasimama palepale: nyuma, kushoto, kati ya ngoma na feni. Ukimtafuta kwenye picha za bendi utaona kiwiko. Ipo picha moja ambayo kaonekana mzima, ila kafumba macho.

Sasa, wanaoujua muziki wa dansi wanajua kwamba wimbo ukishachemka, waimbaji wakakaa pembeni na magitaa yakashika usukani, kuna kutaja majina. Mwimbaji anashika maiki, anamtaja mpiga solo, anamtaja mpiga ngoma, anamtaja mwenye baa, anamtaja shemeji wa mwenye baa, anamtaja na yule bwana wa meza ya mbele aliyevaa shati la maua. Siku moja nimesikia ametajwa mchoma mishkaki, wallahi. Mpiga besi hatajwi. Si kwamba kuna mtu ana chuki naye, ni mazoea tu. Mgeni akikaribishwa nyumbani anasifia makochi, hasifii sakafu.

Yote hayo Talha angeyavumilia. Ishu yake ilikuwa mama yake.

Bi Mwanakombo ana miaka sabini na tisa, mzaliwa wa hapohapo Mtoni, na Talha ndiye kitindamimba wake. Baa hajawahi kuikanyaga tangu azaliwe na hana mpango wa kuanza sasa, hata kama mwanawe anapiga humo muziki wa kuamsha wafu. Kwa hiyo kazi ya mwanawe anaisikia kwa njia moja tu: karedio kake ka betri mbili, kenye spika ndogo kuliko kisahani cha kahawa. Kila Jumapili alasiri, kipindi cha dansi kikianza, anakaweka juu ya ndoo iliyofunikwa, anakageuzia sikio la kulia, maana la kushoto limeshaanza kumkimbia, na anasikiliza. Nyimbo za Nyota ya Mtoni zimepigwa humo nyingi tu.

Na besi haipiti humo. Kama unabisha, chukua simu yako ya mkononi, weka wimbo wowote wa dansi, kisha nitafutie besi. Spika ndogo inatoa vya juu: mwimbaji, tarumbeta, solo. Besi inabaki hukohuko studio.

"Wewe ni yupi humu?" Bi Mwanakombo alikuwa akiuliza kila Jumapili.

"Mie ni ile ya chini, Mama. Inakuja chini kwa chini."

"Chini wapi?" Bi mkubwa anainamisha kichwa, anachungulia chini ya ndoo. "Mie namsikia Adelard tu. Adelard, Adelard, kila wimbo Adelard. Mama yake anafaidi."

Huyo Adelard ni mpiga solo wa bendi, mtu wa kutoka Bukoba, ana miaka sita na Nyota ya Mtoni. Vidole vyepesi, miwani myeusi hata ndani ya nyumba, na anatembea kama vile kuna mtu anampiga picha. Anakaa Kinondoni, na nyumbani kwa Bi Mwanakombo alikuwa hajafika hata siku moja.

Usidhani Talha hakujaribu. Mwaka juzi aliazima spika moja ya baa, lile dude la kubebwa na wanaume wawili, akalileta Mtoni, akalichomeka sebuleni kwa mama yake, akaweka wimbo. Vikombe kabatini vikaanza kugongana. Kuku wakaruka ukuta. Bi Mwanakombo akashika kifua kwa mikono yote miwili, akasikiliza kama robo dakika hivi, akauliza:

"Ndiyo wewe huyo?"

"Ndiyo mie, Mama!"

"Basi zima, baba. Nilijua lori la mchanga limeingia uani."

Siku ileile, wakati spika linarudishwa, ndipo alipomwambia neno lililomkaa. Alisema huku anacheka, na bora angesema kwa hasira. "Talha, mie sitaki makubwa. Siku moja tu nisikie jina lako humu ndani, niwaambie wenzangu hapa barazani, huyo, mwanangu huyo. Kabla hili sikio la pili nalo halijaaga." Talha akaitikia inshallah, akatoka na upande wake wa spika begani. Lilimuuma lile neno, nisikufiche.

Hapa lazima nikwambie na ugonjwa wa Talha, maana bila huo hakuna hadithi. Talha anachelewa. Alianza tumboni, mama yake alipitiliza siku zake mpaka mkunga akaanza kuhesabu upya. Kwenye ndoa yake shehe alikunywa vikombe vitatu vya kahawa akimsubiri bwana harusi. Ukimwita kwa jina, ataitika, lakini kwanza kuna kanafasi kadogo hivi, kama mtu anayetafuta kiatu.

Na hata muziki aliuanza kwa kuchelewa. Akiwa na miaka saba alijitengenezea gitaa la galoni la mafuta ya kula, nyuzi zake waya wa breki za baiskeli, akawa anakaa uani na kulipiga wakati mama yake anatwanga kisamvu. Mchi unashuka, Talha anagonga waya. Ila hakuwahi kuugonga pamoja na mchi. Mchi ukishatua, ndipo na yeye anakuja, nyuma kidogo, unywele tu. Bi Mwanakombo alimgombeza weee, mpaka akachoka. Mwisho akawa yeye ndiye anayemsubiri: anaunyanyua mchi, anaushikilia juu kidogo, mpaka asikie waya wa mwanawe, ndipo anaushusha tena. Majirani walikuwa wanasema kisamvu cha nyumba ile kinatwangwa kwa madaha.

Alipokwenda kujiunga na Nyota ya Mtoni alikwenda kama mpiga solo. Kiongozi wa wakati huo alimsikiliza nyimbo mbili, akajikuna kichwa, akamwambia: "Kijana, vidole unavyo. Lakini kwenye solo ukichelewa unaonekana. Shika besi." Na kweli, kwenye besi ule ugonjwa ukageuka utamu. Besi ikija nyuma kidogo kiuno kinapata nafasi ya kujipanga. Wanaocheza hawajui kwa nini Jumamosi wanacheza vizuri Kinondoni. Mie nimekwambia.

Basi mwaka huu bendi ikapata wimbo mpya, "Editha Rudisha Funguo", na mtangazaji wa kipindi cha dansi akaahidi kuupiga Jumapili hiyohiyo, ilimradi umfikie Ijumaa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Talha akamfuata Suhaib, mwimbaji na kiongozi wa bendi, akamvuta pembeni kama mtu anayetaka kuposa.

"Suhaib, safari hii nitaje."

"Nikutaje wapi?"

"Kwenye wimbo, bwana! Besi. Mara moja tu. Bimkubwa anataka kusikia."

Suhaib akamwangalia muda mrefu. "Kwani sijawahi kukutaja?"

"Miaka ishirini na mbili."

"Astaghfirullah," akasema Suhaib, na aibu ikamshika kwelikweli. Palepale akapanga: baada ya solo, magitaa mengine yote yatanyamaza, yeye ataita jina, halafu besi itapiga peke yake mizunguko minne. Peke yake! Wiki hiyo Talha alimwambia mama yake kuhusu Jumapili mara tatu, na kochi la mteja mmoja wa Mbagala akalivalisha kitambaa nje ndani.

Ijumaa asubuhi wakapakia vyombo kwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, wakakata jiji zima kutoka Mtoni mpaka Boko, kwenye studio ya prodyuza mmoja kijana, Lusungu, mtoto wa Mbeya. Kazi yake kubwa ni singeli, lakini ana masikio na ana heshima. "Shikamooni wazee wangu," akawaamkia, na Adelard, ambaye ana miaka arobaini na mbili, akajifanya hakusikia hilo la wazee.

Siku hizi bendi hairekodi kwa pamoja kama zamani, wote chumba kimoja, mmoja akikosea mnarudia wote mkitukanana. Sasa kila mtu anaingia kwa zamu yake, anavaa hedifoni, kuna kitu kinamgongea tik, tik, tik masikioni kumpa mwendo, na gitaa linachomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Ngoma zikaingia, gitaa la rizimu likaingia. Talha akapiga besi yake, na kwenye ile mizunguko minne akafumba macho kama kwenye picha. Lusungu akamwonyesha kidole gumba kutoka nyuma ya kioo. Kisha Suhaib akaingia kuimba mapema, kwa sababu yeye ni dereva wa basi la shule na saa nane lazima awe getini. Aliimba vizuri, na kwenye kutaja akataja kwa moyo wote. Kabla ya solo: "Adelaaard! Adelard baba lao, waambie!" Na baada ya pale pa solo, magitaa yanaponyamaza: "Talhaaa! Talha wa Bi Mwanakombo, Mtoni yote inakujua, besi!" Talha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kule nyuma. Akaomba aruhusiwe kusikiliza tena. Akasikiliza mara nne.

Kilichokuwa kimebaki ni solo ya Adelard tu, kazi ya nusu saa. Adelard akasema kwanza anakwenda kupoza koo.

Nje ya geti alikuwepo muuza madafu na baiskeli yake. Mtu wa kawaida anasema nikatie moja, anakatiwa, anakunywa, anarudi kazini. Lakini walikuwa wamekaa pale wasichana wawili, na Adelard bwana hawezi kupita mbele ya watu hivihivi. "Lete panga," akamwambia muuza madafu, "nyie hamjui kukata." Akavua miwani, akalishika dafu mkono wa kushoto, akalinyanyua panga kwa mbwembwe. Pigo la kwanza safi. Pigo la pili safi, wasichana wakapiga makofi. La tatu likaenda kwenye kidole cha shahada.

Loo! Zahanati ilikuwa karibu, nashukuru, wakamshona nyuzi tatu. Akarudi studio saa tisa na nusu, kidole kimefungwa bandeji mpaka kimekuwa kama andazi, uso umemsawajika. Mpiga solo bila kidole cha shahada cha kushoto ni abiria tu. Suhaib yuko barabarani na watoto wa shule, simu haipokei. Mpiga rizimu alishaondoka zake. Na saa kumi na mbili ndiyo mwisho wa kutuma.

"Nani mwingine anaweza solo?" akauliza Lusungu.

Adelard akatazama sakafu. Kisha, baada ya kile kinafasi chake kidogo, Talha akasema: "Mie nilikuwaga napiga solo zamani."

Adelard akamwangalia. Akataka kusema kitu cha kejeli, ninamjua, midomo ilishaanza kujipanga. Lakini akatazama bandeji yake, akainuka, akamvisha Talha mkanda wa gitaa lake mwenyewe begani. "Usilikaze sana," akamwambia taratibu, "nyuzi zake ni laini."

Talha alirekodi mara tatu. Mara ya kwanza vidole vyake vya makochi vilikuwa vinakandamiza kama anapigilia pini za kochi. Mara ya pili akafuta jasho tu. Mara ya tatu akaacha kumfikiria Adelard, akaacha kufikiria ile tik tik, na vidole vikaondoka vyenyewe. Alipiga kitu kitamu, jamani. Si cha mbio kama cha Adelard. Kilikuwa kinatembea, kinasimama mlangoni, kinabisha hodi kabla ya kuingia. Mpaka muuza madafu akasimamisha baiskeli kusikiliza.

Ila ugonjwa ulikuwepo. Lusungu akawaonyesha kwenye kompyuta: mistari ya mapigo huku, noti za Talha zimekaa kando yake, nyuma kidogo, zote, kama foleni ya watu wasiotaka kugusana. Talha akaona aibu. "Zinyooshe," akasema. "Zisogeze kwenye mstari, mwanangu, usiniaibishe." Lusungu akabonyeza, zikanyooka zote, akapiga. Wakasikiliza. Ilikuwa safi, na ilikuwa haina mtu ndani. Lusungu akatingisha kichwa, akazirudisha zilipokuwa. "Hapana mzee. Nikikunyoosha unakuwa kinanda."

"Na hili jina?" akauliza tena yule kijana, huku anapeleka mshale kwenye sauti ya Suhaib inayoita Adelard. "Nilifute? Maana siye aliyepiga."

Talha akageuka. Adelard alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki cha nyuma, kaangalia andazi lake. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alionekana mdogo. Talha akafikiri: jina langu si lipo, mbele kidogo tu? Linanitosha. "Liache," akasema. "Watu wamezoea kulisikia hapo." Saa kumi na moja na dakika hamsini wimbo ukaenda.

Jumapili, mapema kabisa kwa mtu wa aina yake, Talha alikuwa kwa mama yake. Bi Mwanakombo alikuwa uani amekalia mbuzi yake, anakuna nazi ya wali, karedio juu ya ndoo, betri mpya. Barazani, ng'ambo tu ya ukuta mfupi, wenzake wanne walikuwa wameshapewa taarifa na wamenyamaza kama wanasubiri mwezi kuandama. Talha akakaa kwenye kigoda. Mikono haikujua pa kukaa, akaishika magotini.

Wimbo ukaanza. Suhaib akamlalamikia Editha kuhusu funguo zake. Bi Mwanakombo anakuna, krr, krr, anafuata mwendo. Ikafika mahali: "Adelaaard! Adelard baba lao, waambie!" Na solo ikaingia.

Talha hakuisikiliza. Alikuwa anasubiri kitakachofuata. Solo ikafika mwisho. Magitaa yakanyamaza. Na yule mtangazaji, maskini, kusikia magitaa yamenyamaza, na kwenye hedifoni mbovu besi huwa haisikiki vizuri, akadhani wimbo umekwisha. Akafungua maiki yake. "Naaam! Hao ni wana Kamua Ndimu kutoka Mtoni, na salamu nyingi ziwafikie wakazi wote wa Wazo, wa Boko, na wewe unayetusikiliza ukiwa saluni..." Chini ya maneno hayo kulikuwa na sauti ya Suhaib inaita jina. Ilisikika "aaa", basi. Kufikia mtangazaji anashtuka na kufunga maiki, mizunguko minne ilishapita, na Editha alikuwa anaombwa funguo tena.

Barazani mtu mmoja akasema, "Mbona hatujasikia?" Mwingine akamnyamazisha.

Talha akakaa vilevile, mikono magotini. Miaka hamsini na mitatu, fundi mzima mwenye ndevu za mvi, na yuko pale kama mtoto aliyeporwa andazi. Alikuwa anatafuta namna ya kusema samahani. Akaona mama yake hakuni. Mkono uko kwenye kifuu, umesimama, na anamtazama.

"Talha," akasema Bi Mwanakombo. "Huyu Adelard wenu leo kapatwa na nini?"

"Kwa nini, Mama?"

"Siku zote huyu mtu anakimbia. Nakuna, yeye ananipita, namwacha aende zake. Leo naona mkono wangu unamsubiri." Akaunyanyua mkono na kifuu chake, akauonyesha jinsi ulivyokuwa ukisimama hewani kidogo kabla ya kushuka. "Nakuna, unasimama. Nakuna, unasimama. Mie mkono huu haujawahi kumsubiri mtu mwingine duniani."

Talha akainamisha kichwa. Kilikuwa kile kinafasi chake, lakini safari hii kilirefuka, na kilipokwisha hakukuwa na neno, kulikuwa na machozi. Alilia, tena bila kujificha. Bi Mwanakombo akamwacha alie kidogo, kisha akamwambia apanguse uso, machozi yasidondokee nazi. Ndipo Talha akamsimulia yote: dafu, panga, wasichana wawili, nyuzi tatu, na jina aliloliacha pale kwa kumwonea mwenzake huruma. Kufikia nyuzi tatu bi mkubwa alikuwa amecheka mpaka khanga imemdondoka.

Akainuka, akasogea mpaka ukutani. "Nyie! Mmemsikia Adelard?"

"Tumemsikia, bibi."

"Basi yule ni Talha wangu!"

Wakatazamana kwa adabu. Kisha mmoja akasema kwa upole kwamba redio imesema Adelard kabisa, na labda, bi mkubwa, ni hilo sikio.

"Sikio langu bovu, sawa. Na mkono wangu nao mbovu?" Akarudi kwenye mbuzi yake kama mtu aliyemaliza kesi.

Wali ulikuwa umeshapakuliwa gari la abiria lilipomshusha Adelard barabarani, naye akaja kwa miguu akiuliza nyumba. Miwani myeusi, shati limenyooka, bandeji mpya, na nanasi zima kwapani. Madafu alishaapa hayagusi tena. Tangu saa kumi simu yake ilikuwa haipumziki. Watu wanampongeza: kaka leo umepiga solo ya utu uzima, leo umetulia. Alimshukuru wa kwanza, akamshukuru wa pili, na kufikia wa tano zile shukrani zikaanza kumkwama kooni. Ndiyo akapanda gari la Mtoni.

Akamkuta Bi Mwanakombo mlangoni, akainama kwa heshima zake zote. "Shikamoo, mama. Mie ndiye Adelard."

"Marahaba, baba." Bi mkubwa akampokea nanasi, akamtazama kuanzia viatu mpaka miwani, akayatuliza macho yake kwenye ile bandeji. "Unasema ndiye nani?"

"Adelard, mama. Wa solo."

"Aa, utakuwa umekosea. Adelard ninaye mmoja tu, yule pale anakula wali. Nimemzaa mwenyewe."

Barazani wakaangua kicheko. Talha akaacha tonge hewani. Adelard akasimama pale mlangoni, akamwangalia Talha, akaangalia kidole chake. Kisha akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Basi samahani, mama," akasema. "Mie naitwa Talha. Napiga besi."

Bi Mwanakombo akamshika bega, uso umejaa huruma yote ya Mtoni. "Oo, besi! Pole, mwanangu. Vumilia tu, ipo siku na wewe utasikika." Akamvuta ndani, akamkalisha kwenye sinia moja na mwanawe, na kichwa cha samaki, ambacho katika nyumba ile tangu zamani ni cha Talha, akamwekea Talha, huyu wa bandeji.